Namna ya kulinda mifupa ya mgonjwa anayelala muda mrefu: mwongozo kwa familia za Bukavu

Mwongozo huu ni wa familia inayomuuguza nyumbani mtu aliyevunjika mguu au nyonga, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa au aliyepooza, na ambaye kwa sababu hiyo amelazimika kukaa majuma mengi bila kukanyaga chini. Katika mji kama Bukavu, mashariki mwa Kongo, wenye barabara za mteremko, tope la msimu wa mvua na motari wengi wanaokimbiza pikipiki, wagonjwa wa namna hiyo si wachache, na wengi wao hurudishwa nyumbani, iwe Kadutu, Bagira au Nguba, kabla familia haijajiandaa, kwa kuwa kila siku ya kitanda cha hospitali inalipiwa. Familia nyingi hujua kuosha kidonda, kupika na kukesha. Jambo ambalo huambiwa kwa nadra ni kwamba, wakati mfupa mmoja uliovunjika unaunga, mifupa mizima ya mgonjwa yuleyule inapungua madini na nguvu kwa sababu haibebi chochote.

Sehemu kubwa ya ujuzi wa jambo hili imetoka kwa watu waliokwenda angani. Mwezi wa Juni 1970 Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov, wanaanga wa Urusi ya Kisovyeti, walirudi duniani baada ya kukaa siku 18 ndani ya chombo cha Soyuz 9, na walikuwa dhaifu kiasi kwamba walilazimika kusaidiwa kutoka. Walikuwa wanaume wenye afya, walioshiba na kuchaguliwa kati ya wengi, na hawakuwa na ugonjwa wowote. Walichokosa kwa siku hizo ni uzito wa miili yao wenyewe.

Kwa nini mfupa usiobeba hupungua

Wengi hudhani kwamba angani hakuna mvutano wa dunia. Ukweli ni kwamba kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, kinakozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ule tulio nao hapa chini. Kituo na watu waliomo huanguka pamoja kuizunguka dunia bila kukoma, na kwa kuwa sakafu nayo inaanguka, hakuna kinachousukuma unyayo. Mgonjwa aliyelala chali yuko katika hali inayokaribiana na hiyo: mwili wake una uzito uleule, lakini uzito umetandazwa juu ya godoro, na mfupa wa paja, ambao mtu akisimama wima hubeba kiwiliwili kizima, haubebi kitu. Ndiyo maana watafiti wanaotaka kujua yatakayompata mwanaanga huwalaza watu wazima wa afya kitandani kwa majuma au miezi, kichwa kikiwa kimeinamishwa chini kwa nyuzi 6. Katika miaka ya 1980, huko Moscow, wanaume waliojitolea walilala hivyo kwa siku 370.

Mfupa si jiwe. Ndani yake zimo seli za aina tatu ambazo ni muhimu hapa: osteoklasti huyeyusha mfupa wa zamani, osteoblasti hujenga mpya, na osteositi, zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe na kuunganishwa kwa mirija myembamba sana, huhisi mfupa unapopinda. Kila hatua unayopiga huupinda mfupa kidogo mno, na maji yaliyomo katika mirija hiyo husukumwa huku na huku. Osteositi huhisi msukumo huo na kuamuru ujenzi uendelee. Hatua zikikoma, seli hizo hutoa kwa wingi protini iitwayo sklerostini, ambayo huzuia osteoblasti kujenga, na wakati huohuo osteoklasti huongeza kazi yao ya kuyeyusha. Njia ya mlimani isiyopitwa na watu huota nyasi, na mfupa usiopitiwa na uzito huachwa vivyo hivyo. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba. Mengine yaliyofuata yamefafanua tu jinsi unavyofanya hivyo.

Kiasi cha hasara kinajulikana. Wanaanga waliokaa kwenye Mir, kituo cha anga cha Urusi, na wale wa mwanzo wa Kituo cha Kimataifa walipoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya madini ya nyonga kwa kila mwezi mmoja, na karibu asilimia 1 ya madini ya uti wa mgongo wa kiunoni. Mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza kiasi kama hicho cha nyonga kwa mwaka mzima. Mikono ya wanaanga, kwa upande mwingine, karibu haikubadilika.

Tofauti hiyo ya mguu na mkono inastahili kutafakariwa na kila anayemuuguza mtu nyumbani. Damu ileile, iliyobeba kalsiamu ileile iliyotoka katika chakula kilekile, hupita mkononi na mguuni. Hata hivyo mguu hukonda na mkono hubaki. Chakula pekee, basi, hakiwezi kuwa dawa. Nimeona nyumba ambazo mgonjwa huletewa maziwa asubuhi na jioni, huku kila mtu akimkataza hata kuvisogeza vidole vya mguu usioumia, eti mfupa uliovunjika utahama. Upendo upo hapo bila shaka, lakini nusu yake inamdhuru mgonjwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka hospitalini

Usianze zoezi lolote kati ya yaliyoelezwa hapa chini kabla daktari aliyemtibu mgonjwa, au mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye wengi kwetu humwita kine, hajajibu mambo manne, na ni vizuri majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi, kwa sababu mlinzi wa mgonjwa wa leo huenda asiwe wa kesho. Uliza kwanza ni viungo gani mgonjwa anaruhusiwa kuvisogeza na ni vipi amekatazwa. Uliza mguu ulioumia unaruhusiwa kubeba uzito gani: je, usiguse chini kabisa, uguse tu, ubebe nusu ya mwili, au ubebe wote? Jibu hilo hutegemea namna mfupa ulivyovunjika na kama umefungwa vyuma ndani, umewekwa plasta, au unavutwa kwa uzito, na jirani aliyewahi kuvunjika mguu hawezi kukujibia. Uliza tena ni lini picha nyingine ya radio (eksirei) itapigwa, na mwisho uliza kama kuna hatari ya damu kuganda miguuni.

Ikiwa mgonjwa amepita kwa fundi wa kienyeji wa kuunga mifupa, mweleze daktari bila kuficha. Vitambaa na vijiti vilivyokazwa sana vinaweza kuzuia damu, na mguu usiopata damu hauwezi kufanya zoezi lolote.

Mgonjwa akiwa bado kitandani

Misuli hutangulia kupotea kabla ya mifupa. Ndani ya siku chache tu za kulala, misuli ya paja na ya shavu la mguu huanza kupungua. Nao msuli ndio mzigo wa kwanza ambao mfupa unaweza kupewa kitandani, kwa kuwa kila unapokazwa huuvuta mfupa ulioshikamana nao. Kwa hiyo anza na mguu mzima na mikono mara tu daktari anaporuhusu, hata kama ni siku ya pili baada ya upasuaji.

Mgonjwa akunje na kunyoosha vifundo vya miguu, vidole vikielekea usoni kisha vikielekea mbali, mara 20 hivi. Zoezi hilo husaidia hasa damu isigande, ingawa mfupa nao hunufaika kidogo. Kisha aukaze msuli wa mbele wa paja, goti likiwa limenyooka, kana kwamba anataka kuligandamiza godoro kwa nyuma ya goti, akihesabu hadi tano ndipo aachie. Mara nyingi daktari huruhusu zoezi hili hata kwa mguu wenye plasta, lakini uliza. Baada ya hapo, kwa mguu mzima tu, weka ubao imara kwenye upande wa miguu wa kitanda, ukiegemea ukuta, ili mgonjwa ausukume kwa unyayo kwa nguvu, aachie, asukume tena. Ni katika kusukuma huku ambapo mfupa wa muundi na wa paja hupata mkandamizo unaofanana kidogo na kusimama.

Ukitaka kuongeza ukinzani, chukua ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, ule unaofungia mizigo kwenye kila pikipiki mjini. Upitishe chini ya unyayo na mgonjwa ashike ncha zake mbili, kisha anyooshe mguu dhidi ya mpira huo. Ni kifaa kizuri na cha bei ndogo, lakini kisitegemewe kuliko uwezo wake. Wanaanga wa mwanzo wa Kituo cha Kimataifa walikuwa na mashine ya mazoezi iliyotumia mpira na isiyozidi ukinzani wa kilo 136 hivi, na mifupa yao iliendelea kupungua licha ya bidii yao. Mwaka 2008 ilipelekwa mashine nyingine, inayotumia mitungi ya ombwe na kufikia kilo 272, nao walioitumia vizuri, wakila vya kutosha, walirudi na mifupa katika hali nzuri zaidi. Fundisho ni kwamba mfupa hujibu mzigo mkubwa kuliko mdogo, na kwa mgonjwa wetu mzigo mkubwa salama kuliko yote ni mwili wake mwenyewe, siku atakaporuhusiwa kusimama.

Mazoezi hayo yagawanywe. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba mfupa huchoka kusikiliza: ukiusukuma mfululizo, baada ya misukumo michache hauongezi tena jibu, na huhitaji saa kadhaa ili urudishe usikivu wake. Kwa hiyo vipindi vinne vifupi kwa siku, asubuhi, mchana, alasiri na kabla ya kulala, ni bora kuliko kipindi kimoja kirefu kitakachomchosha mgonjwa na kumfanya auchukie mpango wote. Mgeuze pia mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Jambo hilo haliusaidii mfupa, lakini kidonda cha mgongoni kitayakomesha mazoezi yote.

Kukaa, kusimama na kukanyaga

Mtu aliyelala kwa majuma hapaswi kuinuliwa ghafla. Kama ilivyo kwa mwanaanga anayerudi, kiasi cha damu yake kimepungua na mishipa ya miguu imesahau kubana, hivyo akisimama damu huteremkia chini naye huona kizunguzungu au huzimia. Mkalishe kwanza kitandani akiwa ameegemea mito, halafu miguu ikining'inia ukingoni, mara kadhaa kwa siku, hadi aweze kukaa robo saa bila kizunguzungu. Ndipo asimame, kitanda kikiwa kimeegemezwa ukutani na mtu mzima mmoja akiwa kila upande wake.

Ikiwa daktari amesema mguu ulioumia ubebe sehemu tu ya uzito, tafuta mizani ya kupimia watu, kama ile ya kituo cha afya. Mgonjwa asimame kwa magongo, mguu mzima ukiwa juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani na mguu ulioumia ukiwa juu ya mizani, kisha akandamize taratibu hadi mshale ufikie kilo alizoruhusiwa, kwa mfano 15. Arudie mara nyingi akiutazama mshale, kisha bila kuutazama, mpaka mguu ukariri kipimo chenyewe. Bila mizani, karibu kila mtu hukosea: mwoga hukanyaga kilo tatu, na mwenye haraka hukanyaga arobaini.

Kusimama tuli hakutoshi. Watafiti Lance Lanyon na Clinton Rubin walionyesha mwaka 1984, kwa kupima mifupa ya mabawa ya ndege, kwamba mzigo uliowekwa ukabaki palepale bila kubadilika haukuuzuia mfupa usipungue, ilhali mzigo uliowekwa na kuondolewa, ukawekwa tena na kuondolewa, ulifanya kazi. Jambo la kushangaza zaidi ni uchache wa misukumo iliyohitajika: minne kwa siku ilitosha kuzuia hasara, 36 ilijenga mfupa mpya, na mamia zaidi hayakuongeza chochote. Binadamu si ndege, na sitaki mtu ahesabu hatua nne kisha arudi kulala. Hata hivyo kanuni ya mzigo unaokuja na kuondoka inakubaliwa pia katika tiba ya watu. Mgonjwa aliyeshika ukingo wa meza ahamishe uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwa kiasi alichoruhusiwa. Akisharuhusiwa uzito wote, ainuke kwa vidole na kushuka kwa visigino, mwanzoni polepole, na baadaye kwa kishindo kidogo, kwa kuwa kasi ya mzigo nayo husikiwa na mfupa. Kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono, mara kumi, ni zoezi la nyonga ambalo halihitaji kifaa chochote.

Kwa mgonjwa aliyepooza miguu, hali ni ngumu zaidi, maana misuli haivuti na miguu hupoteza madini mengi hasa katika mwaka wa kwanza na wa pili. Kumsimamisha kwa fremu husaidia viungo visikazane na damu izunguke, lakini kwa mfupa manufaa yake ni madogo. Kwake jambo la kwanza ni kuzuia kuvunjika: asivutwe kwa mguu mmoja anapohamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, na miguu yake isiachwe ijipinde chini ya mwili, kwa sababu paja linaweza kuvunjika bila yeye kuhisi maumivu yoyote.

Kutembea katika mji wa milima

Bukavu humpa mtu mzima mazoezi ya bure kila siku, kwani anayepanda kutoka ziwani kwenda soko la Kadutu ameibebesha mifupa yake mzigo ambao mkazi wa mji tambarare haupati. Kwa mgonjwa, mteremko huohuo ni hatari. Aanzie penye usawa, kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, asubuhi kabla mvua haijanyesha, akiwa amevaa viatu vilivyofungwa kisigino, kamwe si kandambili. Kupanda huchosha moyo na misuli. Kushuka ndiko kunakogonga mifupa zaidi na ndiko kunakoangusha watu, kwa hiyo ajifunze kupanda kwanza, na kushuka aachie majuma ya baadaye. Kwenye ngazi za udongo, mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda, na mguu ulioumia hutangulia pamoja na magongo wakati wa kushuka.

Chakula, maji na jua

Nimesema chakula pekee si dawa, lakini bila chakula mazoezi nayo hayana cha kujengea. Mtu mzima huhitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Ziwa letu la Kivu limetupa sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambaye thamani yake kwa mfupa iko katika kuliwa mzima, pamoja na mifupa yake. Anayetoa vichwa na miiba ametupa sehemu bora. Ndagala waliokaushwa nao ni hivyohivyo. Mashanza, maziwa, jibini, sombe na lengalenga huongeza kalsiamu. Maharagwe, mayai na samaki huleta protini, ambayo ni sehemu ya mfupa wenyewe na si ya misuli tu. Mgonjwa anayepewa bugali nyingi na mboga kidogo hushiba bila kujengeka. Supu ya mifupa ya ng'ombe, inayosifiwa sana kwa waliovunjika, ina kalsiamu kidogo mno, kwa kuwa madini ya mfupa hayayeyuki kirahisi katika maji yanayochemka. Anywe kama anaipenda.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mifupa inapoyeyuka, kalsiamu huingia katika damu; mwili, ukiiona imezidi, hupunguza homoni ya parathiroidi, ile inayopandisha kalsiamu ya damu, na vitamini D inayofanya kazi hupungua pamoja nayo, hivyo utumbo hupokea sehemu ndogo zaidi ya kalsiamu ya chakula. Figo nazo huitoa ile iliyozidi kwenye mkojo, jambo lililopimwa wazi kwa wanaanga wa Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973 na 1974. Ndiyo sababu kumrundikia mgonjwa asiyesogea vidonge vya kalsiamu vya dukani hakusaidii, na kunaweza kumletea mawe kwenye figo. Chakula cha kawaida kizuri kinatosha, isipokuwa daktari ameagiza vidonge.

Anywe maji kiasi cha kuufanya mkojo uwe mweupe, mara nyingi zaidi ya lita mbili kwa siku, ila tu kama ana ugonjwa wa moyo au wa figo, ambapo daktari ndiye atakayepanga. Chumvi nyingi hutoa kalsiamu mwilini kupitia mkojo, kwa hiyo makayabo, samaki wa chumvi, walowekwe na maji yamwagwe zaidi ya mara moja. Bia na kasiksi ambazo wageni huleta kwa nia njema ziende kwa wageni wenyewe. Pombe hudhoofisha ujenzi wa mfupa na huangusha mtu aliye kwenye magongo. Sigara pia huchelewesha mfupa kuunga.

Wanaanga hupewa vitamini D, yuniti 800 kwa siku, kwa kuwa chombo chao kimefungwa na hakipitishi miale inayoitengeneza ngozini. Mgonjwa aliyefungiwa chumba cha nyuma yuko vilevile, ingawa yuko karibu na Ikweta, nyuzi mbili na nusu tu kusini yake. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitengenezi vitamini hiyo. Mtoe nje, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa dakika 20 hadi 30 katika siku nyingi za juma kadiri iwezekanavyo. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe. Mgonjwa asiyeweza kutolewa kabisa, uliza kama anahitaji vidonge.

Kulala huvuruga pia sukari. Misuli isiyofanya kazi huwa haiitikii insulini vizuri, na hali hiyo huanza ndani ya siku chache, hata kwa kijana mwenye afya. Mwenye kisukari apimwe mara nyingi zaidi kuliko kawaida yake, na chai ya sukari nyingi isifanywe kifungua kinywa cha kila siku.

Kuhusu dawa za mifupa

Zipo dawa zinazozuia osteoklasti zisiyeyushe mfupa. Mojawapo, alendroneti, ilijaribiwa kwa wanaanga, miligramu 70 mara moja kwa juma pamoja na mazoezi, na ikasaidia sana kuhifadhi madini ya nyonga. Usiinunue kwenye famasi kwa kusikia hivyo. Dawa hiyo humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na aliyeimeza lazima abaki amekaa wima au amesimama kwa nusu saa au zaidi, kwani kidonge kikibaki kwenye umio huunguza na kutoboa vidonda. Mgonjwa asiyeweza kukaa wima hapaswi kuimeza kabisa. Mwenye figo dhaifu, na mwanamke anayeweza kupata mimba, wasiitumie bila uamuzi wa daktari.

Dalili za kumrudisha hospitalini

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, au mgonjwa akabanwa kifua na kukosa pumzi ghafla, acha mazoezi yote na mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa maana damu iliyoganda inaweza kuwa imehamia mapafuni. Maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka kwenye kinena, au mkojo wenye damu, huashiria mawe ya figo. Kijana aliye katika umri wa kukua, akilazwa ghafla bila kusogea, anaweza kupata kalsiamu nyingi kupita kiasi katika damu: atakuwa na kiu isiyoisha, atakojoa mara nyingi, atafunga choo, atatapika na hata kuchanganyikiwa, na familia inaweza kudhani ni malaria. Mtajie daktari kwamba amelala kwa muda gani, kisha omba damu ipimwe. Maumivu mapya mahali pa mfupa, yanayozidi kila anapokanyaga, yapigwe picha kabla ya zoezi lingine.

Baada ya plasta kutolewa

Hapa ndipo familia nyingi hufunga daftari mapema. Picha ya radio ikionyesha kwamba mfupa umeunga, kazi ya kuurudisha unene wake, na wa mifupa mingine ya mguu huohuo, ndiyo kwanza inaanza. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 uliwafuatilia wanaanga 17. Mwaka mmoja baada ya kurudi, 9 kati yao walikuwa bado hawajarudisha kikamilifu mfupa wa muundi walioondoka nao. Msuli hurudi haraka, mfupa hurudi polepole, na katikati ya hao wawili kuna kipindi cha miezi kadhaa ambapo mtu hujisikia mwenye nguvu ilhali mfupa wake hauna. Ni katika kipindi hicho ambapo mguu uliopona huvunjika tena.

Kwa hiyo motari asirudi barabarani kwa sababu tu haumwi. Kwanza aweze kusimama kwa mguu ulioumia peke yake bila kuyumba, ashuke ngazi bila fimbo akibadilisha miguu, na atembee mwendo wa nusu saa kwenye mteremko siku kadhaa mfululizo bila maumivu ya mfupani. Kisha aendeshe bila abiria kwa muda, kwani pikipiki inayoanguka ikiwa na mtu nyuma huangukia mguu wa dereva. Mama anayebeba mizigo sokoni, au msichana anayechota maji, aanze na bidoni la lita tano katika kila mkono badala ya moja la 20 mgongoni, akiongeza lita chache kila baada ya majuma mawili au matatu, na akirudi nyuma hatua moja kila anaposikia maumivu yanayobaki hadi kesho yake.